Kivuli katika Picha ya Nyumba

Siku hizi nyumba nyingi huonekana kabla hazijajengwa. Kiwanja bado kina nyasi na marundo ya mchanga, mafundi hawajaitwa, na bei ya saruji ya mwaka ujao haijulikani. Lakini juu ya uzio wa mabati kando ya barabara picha ya jengo imekwisha kutundikwa, na ndani ya picha hiyo jengo limesimama, taa zinawaka, mbingu ni safi, na watu waliovaa vizuri wanaingia na kutoka mlangoni. Mpita njia huitazama akadhani kwamba imepigwa kwa kamera katika mji fulani wa mbali. Haikupigwa. Kompyuta imeikokotoa kutokana na vipimo vya msanifu majengo, kisha picha ikapita katika mkono wa mtu mwingine, ambaye jina lake haliandikwi juu ya uzio wala katika mkataba wa mauzo. Mtu huyu hakubuni jengo, wala hatalijenga. Kazi yake ni kuimalizia picha. Lakini aghalabu yeye ndiye amfanyaye mnunuzi atoe fedha, na kwa sababu hiyo yafaa kazi yake itazamwe kwa makini kuliko itazamwavyo.

Katika ujenzi wa kweli kumalizia ni jambo lijulikanalo na kila mtu. Kuta zikisha kusimama huja fundi wa lipu, akaja wa vigae, akaja wa rangi, na lililokuwa gofu la matofali likawa makao. Picha nayo ina lipu yake. Itokapo katika kompyuta huwa mbichi: mistari yake ni mikali mno, nyasi zake zimelingana kama nywele za brashi, kuta hazina doa, na mwanga umetandazwa kwa usawa usiopatikana duniani. Mmaliziaji hapokei picha moja tu; hupokea kadhaa za jengo lile lile zilizotolewa pamoja. Moja ina vivuli peke yake. Moja ina mng'ao wa vioo. Moja ni ya weusi na weupe, ionyeshayo umbali wa kila kitu kutoka kwa mtazamaji, na kwa hiyo mmaliziaji hutia ukungu mwepesi juu ya vitu vya mbali, kama hewa yenye unyevu ifanyavyo. Na moja, ambayo humchekesha aionaye mara ya kwanza, imepaka kila kitu rangi kali isiyo na maana yoyote, mlango mwekundu, ukuta wa kijani, paa la zambarau, ili mlango uweze kuchaguliwa peke yake bila ya kuugusa ukuta.

Picha hizi hupangwa kama karatasi nyembamba zilizowekwa moja juu ya moja. Hesabu ya kuzipanga hivyo iliwekwa wazi mwaka 1984 na Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya filamu ya Lucasfilm huko Marekani: kila nukta ya picha hupewa, pamoja na rangi yake, kipimo cha jinsi inavyokificha kilicho chini yake. Photoshop, programu ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa tabaka za namna hiyo. Tangu hapo kazi iliyohitaji vyombo vya kampuni kubwa ikawa kazi ya kijana yeyote mwenye meza na kompyuta.

Mengine afanyayo kijana huyo ni ya upuuzi, na hayahitaji kukawiliwa. Kwa mfano, kuna desturi ya kuifanya picha ionekane kama imepigwa kwa kamera mbovu kidogo: pembe zake hutiwa giza, kingo za vitu hutiwa utepe wa nyekundu na buluu, jua hutiwa duara za mng'ao kana kwamba lenzi ilikuwa chafu. Kompyuta haina lenzi. Imeambukizwa maradhi ya kiungo isichokuwa nacho, na watu wakasema kwamba sasa inafanana na kitu cha kweli.

Wapo wasemao kwamba kazi yote hii ni hila, na ya kuwa msanifu mwaminifu angetoa picha mbichi kama ilivyo. Shutuma hii ina umri mkubwa. Leon Battista Alberti wa Italia, katika kitabu chake cha ujenzi alichokiandika katikati ya karne ya 15 na kilichopigwa chapa mwaka 1485, aliwaonya wasanifu wasionyeshe vielelezo vya majengo vilivyopakwa rangi na kurembwa. Aliona kwamba afanyaye hivyo ataka kuyavuta macho ya mtazamaji yaache kuzichunguza sehemu za jengo zenyewe. Akatenga pia mchoro wa mchoraji na mchoro wa msanifu: mchoraji hutumia vivuli ili kitu kionekane kimetokeza, msanifu huviacha vivuli akategemea vipimo. Ni hoja nzito, na mtu aliyepata kuuziwa nyumba kwa picha ataipokea kwa mikono miwili. Lakini Alberti alikuwa akisema na watu wajuao kusoma ramani ya jengo. Mnunuzi wa leo aghalabu hajui, wala hapana aibu katika kutojua huko. Naye ana haki ya kuona kwa macho yake kile atakachokilipia kwa miaka mingi.

Tena, picha isiyomaliziwa haipo. Hili ndilo wasahaulo wale waisifuo picha mbichi. Kompyuta hukokotoa mwanga kwa namba zisizo na kikomo. Jua la adhuhuri katika uwanja wazi hufika karibu luksi 100,000. Chumba cha kukaa usiku, chenye taa za kutosha, huwa na luksi 200 au 300 hivi. Jicho la mwanadamu hutoka uwanjani likaingia chumbani, likapofuka kidogo, likazoea. Kioo cha kawaida cha kompyuta hakiwezi kufanya hivyo. Kila rangi yake, nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi 256 tu kutoka giza tupu hadi mwanga wake wa mwisho, na karatasi iliyopigwa chapa ina uwezo mdogo zaidi. Basi hapana budi mtu achague. Ama uwanja uonekane na chumba kiwe shimo jeusi. Ama chumba kionekane na uwanja uwe weupe usio na kitu. Ama vyote viwili vibanwe mpaka viingie katika ngazi zile chache, na katika kubanwa huko kitu fulani kipotee. Programu ikichagua yenyewe, basi mtu aliyeitunga programu ndiye aliyechagua, katika mji wake na kwa ladha yake. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya picha yoyote si kama imemaliziwa au haikumaliziwa. La kuuliza ni nini kilichopotezwa katika kubana, na kwa faida ya nani.

Uwezo wa kompyuta wa kusema kweli haukanushiki. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikokotoa picha ya sanduku tupu lenye ukuta mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, wakaonyesha jinsi rangi ya ukuta irushwavyo juu ya ukuta mwingine, kama udongo mwekundu urushavyo wekundu wake chini ya upenu. Sanduku lenyewe walikuwa nalo. Mwaka 1986 wenzao wa chuo hicho hicho waliwaweka watu watazame, kupitia kamera, kitu cha kweli na picha yake iliyokokotolewa; na watazamaji hawakuweza kutambua kipi ni kipi zaidi ya mtu abahatishaye. Lakini ushindi huo ulipatikana kwa sababu kitu cha kweli kilikuwapo mezani. Nyumba isiyojengwa haina mwenziwe wa kulinganishwa naye. Mmaliziaji ana kumbukumbu zake tu, na picha nyingine alizoziona, na picha hizo nyingi zimetoka katika nchi za mbali.

Hapo ndipo kivuli kinapodhulumiwa. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya jua ni kitu cha kutafutwa. Chumba kiingiacho jua huuzwa ghali kuliko kisichoingia, na majira ya baridi huwapa watu saa chache tu za mwanga. Ni haki watu wa huko wasifu picha iliyofunguliwa, ambayo giza la pembeni limeinuliwa, sakafu imelowa mwanga, na dirisha kubwa halina kizuizi. Ladha hiyo imeingia katika vitabu vya mafunzo na katika mipango iliyokwisha kutayarishwa ndani ya programu, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa huipokea pamoja na programu, kama mtu anunuaye kanzu akapewa na kipimo cha mwili wa mtu mwingine. Hufundishwa kwamba kivuli kizito ni kosa la kusahihishwa. Katika programu kuna kitufe cha kufanya kazi hiyo, na hukivuta upande mmoja bila ya kufikiri.

Kwa mtu wa Pwani nyumba ni kivuli kwanza. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita na zaidi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kuvuka upana mkubwa. Njia baina ya nyumba ni nyembamba vile vile, hata kuta za upande mmoja huufunika upande wa pili kwa sehemu kubwa ya siku. Mwanga huingia kwa kupitia uani, ukagonga chokaa, ukarushwa ukutani tena, na ufikapo chumba cha ndani umekwisha kupoa. Mgeni atokaye juani akaingia ukumbini haoni kitu kwa muda mdogo. Kisha macho humrudia, na pamoja na macho humrudia pumzi. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya pumzi hiyo.

Sasa picha ya chumba cha namna hii iwekwe mbele ya mmaliziaji aliyefunzwa kama tulivyosema. Kompyuta imekokotoa kwa haki: uani panawaka, ukumbi una mwanga hafifu wa rangi ya maziwa, pembe za ndani ni nyeusi. Yeye huona picha iliyoharibika. Hukiinua kivuli, akalipunguza jua la uani, akaongeza joto la rangi ya dhahabu sakafuni, na ukumbi ukawa mweupe kama duka la vyombo vya kioo. Hapana aliyesema uongo kwa ulimi wake. Ukuta uko pale pale, dirisha ni lile lile. Kilichoondolewa ni kile ambacho kwacho mtu wa nchi ya joto hujenga nyumba.

Madhara yake hayaishi katika picha. Mathalani, wasanifu wawili huleta michoro yao kwa mtu mmoja atakaye kujenga. Wa kwanza ameweka upenu mrefu, varanda pande mbili na madirisha ya mbao zenye mianya. Wa pili ameweka ukuta wa kioo tangu chini hadi juu. Picha zote mbili zikimaliziwa kwa ladha moja, ya kwanza itaonekana nzito na yenye huzuni, na ya pili itametameta. Mwenye fedha si mjinga. Anachagua kwa ushahidi aliopewa. Joto haliingii katika picha, wala sauti ya mashine za kupoza hewa, wala hati ya umeme ya mwisho wa mwezi. Kivuli ndicho kitu pekee katika picha ambacho kingeweza kumwambia habari za joto, na kivuli kimekwisha kuondolewa.

Mwaka 2014 Vanessa Watson, mtaalamu wa mipango ya miji wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alizichunguza picha za namna hii zilizotolewa kwa ajili ya miji mipya iliyokuwa ikipangwa katika nchi nyingi za Afrika, akaona jinsi zilivyoifuata mifano ya Dubai, Shanghai na Singapore, na jinsi maskini waishio mahali pale pale wasivyokuwa na nafasi ndani yake. Alikuwa akisema juu ya ardhi na haki za watu. Lakini inafaa kuongeza kwamba minara ile ya kioo hupendeza katika picha kwa sababu, pamoja na mengine, kioo ni kitu rahisi kukimalizia: hurudisha mbingu, na mbingu ya picha hununuliwa tayari.

Mtu asidhani kwamba giza ni adui wa picha nzuri. Mmoja wa wachoraji wakubwa wa majengo waliopata kutokea alianza kila kazi kwa giza. Hugh Ferriss, aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1889, alisomea usanifu wa majengo huko huko kisha akaenda New York, akawa mchoraji wa majengo ya wasanifu wengine. Aliipaka karatasi makaa, akayasugua mpaka yakawa kama moshi, kisha akautoa mwanga kwa kifutio laini: hakutia mwanga, aliondoa giza pale tu alipotaka ukuta utokeze. Mwaka 1916 mji wa New York ulikuwa umeweka sheria ya kuzuia majengo marefu yasiwanyime watu wa mitaani mwanga na hewa. Kila jengo lililazimika kurudi nyuma kwa hatua kadiri lilivyopanda juu. Sheria ilikuwa maneno na hesabu, na haikuwa rahisi kwa mtu kuwaza mji utakaozaliwa nayo utakuwa na sura gani. Mwaka 1922 Ferriss na msanifu Harvey Wiley Corbett walitoa michoro minne. Wa kwanza ni bonge tupu, kubwa kadiri sheria iruhusuvyo. Wa pili bonge limekatwa ili mwanga wa jua upate kuingia. Wa tatu limepewa hatua za pembe mraba. Wa nne limekuwa jengo. Sheria iliyowekwa kwa ajili ya mwanga ilifafanuliwa kwa makaa, na wasanifu wa mji ule waliielewa kwa michoro hiyo kuliko walivyoielewa kwa vifungu vyake. Kitabu chake cha mji wa kesho kilitoka mwaka 1929. Ferriss naye alikuwa mpambaji, na majengo yake yana fahari kuliko yaliyojengwa. Mitaa yake imejaa usiku, na watu wake ni wadogo kama chawa. Hata hivyo mtazamaji wake hujua mara moja jengo lina uzito gani na linaangusha kivuli chake wapi.

Kwa upande wa pili yuko Le Corbusier, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa mbele ya wanafunzi wa fani hii. Mwaka 1916 alisanifu nyumba katika mji wa kwao, La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Mwaka 1921 alipoitangaza katika jarida la L'Esprit Nouveau picha zake za kamera zilikuwa zimeguswa kwa mkono: kichanja cha kutambazia mimea kilichokuwa uani kikafutwa, mimea ikafutwa, na ardhi ikawa tupu na safi. Nyumba ilikuwa imesimama miaka kadhaa, watu wakiishi ndani, na bado haikuaminika kujieleza yenyewe. Yapasa ikumbukwe kwamba jambo hili lilitendeka karibu miaka sabini kabla ya Photoshop, ili lawama isimwangukie kijana wa leo peke yake. Na kitu kilichofutwa, tazama, kilikuwa kitu cha kuwapa watu kivuli.

Ajabu ni kwamba mmaliziaji akisha kuondoa kivuli cha jengo huongeza kivuli kisichokuwapo. Mbele ya nyumba hupanda miti. Huipanda kwa dakika moja, nayo huota ikiwa imekwisha kukomaa, yenye matawi yafikayo ghorofa ya tatu. Kiwanja chenyewe kimesafishwa kwa tingatinga, na mwembe uliokuwapo umeng'olewa ili lori zipite. Mche utakaopandwa siku ya kukabidhi funguo una kimo cha mtoto. Hata mwarobaini, ukuao upesi, utamtaka mwenye nyumba asubiri miaka kadhaa kabla haujafunika kiti kimoja. Mara nyingine mti wenyewe ni wa nchi ya theluji, nao umesimama Dar es Salaam ukiwa na majani ya manjano ya majira ambayo Dar es Salaam haiyajui.

Watu wa picha nao wana habari zao. Kanuni ya kuwaweka ni ya zamani, na Alberti huyo huyo aliieleza katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435: kituo cha macho kisizidi kimo cha mtu achorwaye. Ndiyo maana, ikiwa mtazamaji amesimama juu ya ardhi ile ile iliyo tambarare, vichwa vya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, hukaa karibu katika mstari mmoja, ule wa upeo wa macho. Ni miguu tu ipandayo kadiri mtu aendavyo mbali. Mmaliziaji asiyelijua hili hujaza kiwanja majitu na mbilikimo. Lakini aliyelijua naye huweza kukosea kwa namna nyingine. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja wa usanifu wa Sweden alianza kuwakata rafiki zake kutoka katika picha na kuwatoa bure kwa kila msanifu, katika mkusanyo uitwao Skalgubbar, na watu hao wa Sweden wakaanza kutembea katika viwanja vya dunia nzima. Hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakakusanya wengine wasiokuwa wa Skandinavia ili kuleta usawa. Kwa hiyo si ajabu kumwona mwanamke mwenye koti la sufu na skafu akivuka barabara ya Pwani saa sita za mchana. Kosa la koti ni la kuchekesha tu. Lililo kubwa ni kwamba yeye na wenzake wote wamesimama juani. Hapana mtu wa Pwani asimamaye juani saa sita akiwa na hiari. Watu watakuwa chini ya upenu, barazani, upande mmoja wa njia. Muuza madafu atakuwa amehama mara mbili tangu asubuhi akiufuata ukuta. Picha yenye watu waliokaa mahali pao ingekuwa imemweleza mnunuzi habari za kivuli bila ya neno.

Tena iko picha ya jioni, ipendwayo kuliko zote. Sababu ya kupendwa kwake si uzuri tu. Jua likisha kuzama, mwanga wa mbingu hushuka mpaka ukalingana na mwanga wa taa za ndani, na kwa muda ule ndani na nje huonekana pamoja pasipo kubanwa; ile taabu ya ngazi 256 hujiondokea yenyewe. Katika nchi za kaskazini, wakati wa kiangazi, muda huo hurefuka mpaka mtu akaweza kula chakula chake chote ndani yake. Karibu na ikweta jua hushuka wima. Dar es Salaam huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kidogo, na baada ya dakika ishirini na kitu utusitusi umekwisha. Mnunuzi ameonyeshwa nyumba yake katika dakika hizo, ambazo aghalabu hufunga madirisha kwa sababu ya mbu, na saa kumi na mbili za jua hakuonyeshwa.

Majengo yaliyosanifiwa kwa kujua mambo haya yapo, na hayapo kisiwani au katika vitabu vya historia tu. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo kama miti, ikikinga jua na kukusanya maji ya mvua, na chini yake upepo ukapita. Ukimpa mmaliziaji wa leo soko la namna hiyo, atatamani kuwasha taa chini ya miavuli. Lakini giza lile la chini, lenye watu na mchicha na kelele, ndilo lililokuwa jengo. Zege la juu lilikuwa njia ya kulipata.

Dawa ya ugonjwa huu haitafutwi mbali. Jijini London, ambako mji hulinda mandhari fulani zisizibwe na majengo marefu, mwongozo uliotolewa mwaka 2012 huzigawa picha za majengo yatakayojengwa katika daraja nne: ya kwanza huonyesha mahali na ukubwa wa jengo tu, ya pili, kiasi kitakachoonekana, ya tatu, umbo lake, ya nne, hata vitu vilivyojengewa. Kamera huwekwa mahali palipopimwa, na kimo chake, lenzi yake na saa ya kupiga picha huandikwa, ili mwingine aweze kurudi pale pale akahakikisha. Haikukatazwa kupamba, imetakiwa tu picha ya kupimia iwepo kando ya picha ya kupendezesha.

Kwa nyumba ya Pwani kipimo kingekuwa chepesi zaidi, kwa kuwa jua halina siri. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Katika Juni, tarehe 21, jua la saa sita hukaa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo; katika Desemba, tarehe 22, hukaa upande wa kusini, nyuzi 73. Upenu wenye kina cha mita 1 huangusha kivuli cha mita 1.7 juu ya ukuta wa kaskazini katika siku ile ya kwanza, na mita 3.3 juu ya ukuta wa kusini katika siku ile ya pili. Msanifu yeyote aweza kuzitoa picha hizo mbili kwa saa moja, mbichi, mwanga ukiwa kama ulivyokokotolewa, akazitia pamoja na ile ya jioni katika bahasha moja. Na mnunuzi aliye na rula aweza kuanza hata bila ya msanifu: akiona katika picha aliyopewa kwamba ukuta wa kusini umelowa jua tangu juu hadi chini chini ya upenu wa mita nzima, na kivuli cha nguzo ya taa ni kifupi kuelekea kaskazini kama cha saa sita za Desemba, basi na aulize ni nani aliyekigusa kivuli cha upenu baada ya kompyuta kumaliza kazi yake.